Mama Tabu Akabidhi Faili za Ujenzi

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Mama Tabu anastaafu baada ya kututumikia miaka ishirini na sita na miezi mitatu. Tunawaomba wasomaji waichukulie tarehe hii kwa uzito, maana ni mara ya tatu tunatangaza kustaafu kwake. Mara mbili za kwanza keki tulikula, yeye akarudi. Safari hii hakuna kurudi: mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na minne, anaishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, na kumbukumbu zinamtoka. Wadogo zake Mama Tabu anawauliza wao ni akina nani. Huyu kifungua mimba siku nyingi bado anamtambua kwa sauti, na Mama Tabu anataka kufika kabla hilo nalo halijaondoka.

Kwa wasiotujua, sisi hutengeneza mfumo endeshi huria wa kompyuta, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuuchungulia ndani, kuurekebisha na kututukana bila malipo. Vipande vyake vinaandikwa na watu waliotawanyika kila pembe. Kazi ya Mama Tabu ni kuvigeuza vipande hivyo, faili elfu kumi na moja, kuwa kitu kimoja kinachowaka. Anaandika faili za ujenzi, zinazoiambia mashine kipi kianze na kipi kifuate, na anatunza kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Mambo yakienda sawa hakuna anayemkumbuka. Yakienda mrama, hata mlinzi wa getini anajua.

Hana mtoto anayeitwa Tabu. Anao wawili, na wote wana majina mengine kabisa. Jina hili limetoka kwenye kibodi. Katika faili za ujenzi, kila mstari wa amri lazima uanze kwa kitufe cha tabo, kile cha kushoto kinachoruka hatua moja ndefu. Ukiweka nafasi za kawaida badala yake, macho hayaoni tofauti yoyote, ila mashine inaona na inagoma. Wiki yake ya kwanza kazini Mama Tabu alitafuta kosa la namna hiyo siku tatu, na alipolipata akakibatiza kitufe hicho “tabu”. Likashika. Mchangiaji mmoja wa mbali, ambaye hajawahi kumwona, humaliza kila barua pepe kwa kumsalimia mtoto Tabu. Hatukuwa na moyo wa kumweleza. Mwaka jana alituma pongezi za kumaliza sekondari.

Hapa mwandishi wa wasifu huu analazimika kujitaja, maana aibu yenyewe ni yake. Mama Tabu ndiye aliyetafsiri ujumbe wote wa mfumo wa ujenzi kwa Kiswahili, kwa maneno mafupi, hataki mbwembwe. Mwezi wangu wa kwanza nikaachiwa kutoa toleo jipya. Mashine ikajenga, ikajenga, kisha ikaandika: “Mstari wa 212: hakuna tabu.” Nikashukuru. Nikasema mashine ya humu ina adabu, hadi inakutoa wasiwasi. Kumbe ilikuwa inalia kwamba tabo imekosekana, ikaruka sehemu ile na kuendelea na nyingine. Nikalitoa toleo kwa dunia nzima.

Sehemu iliyorukwa ilikuwa ya kibodi. Mfumo uliwaka vizuri, ukapendeza, ila hakuna aliyeweza kuandika hata herufi moja. Siku mbili hatukupokea lalamiko lolote, nami nikavimba kichwa nikidhani watu wameridhika. Jamani, wangelalamikia wapi? Siku ya tatu wakaazima kompyuta za majirani, na hapo ndipo nilipojua kwamba lugha yetu ina matusi ambayo sikufundishwa shuleni.

Mkurugenzi alitaka kunifukuza, na alikuwa na kila haki. Mama Tabu akanikingia kifua. Akatangaza kwa jina lake mwenyewe kwamba kosa ni la aliyeandika ujumbe ule, si la aliyeusoma. Kisha akaurekebisha. Hadi leo ukikosea, mashine zetu hukuambia: “Hakuna tabu, kwa hiyo kuna tabu.” Sijawahi kumshukuru inavyopaswa, kwa hiyo ahsante, dada.

Msidhani basi kwamba ni mpole. Mwaka tulipobadilisha kompaila alikuja juu, akaagiza kila onyo dogo lihesabiwe kuwa kosa. Asubuhi ile yakatokea makosa elfu nne mia tatu na kumi na sita, na kila moja lilikuwa na mwenyewe. Akayachapa, akayagawa kwa mkono, meza kwa meza, huku anatabasamu. Wiki tatu watu wazima walipanda ghorofani kwa ngazi za nyuma wasipite mlangoni kwake. Mhasibu, ambaye hajawahi kuandika programu maishani, naye alizunguka nyuma, kwa tahadhari tu. Yalipoisha yote, mfumo ukawa unawaka kwa nusu ya muda wa zamani, na tukajifanya wazo lilikuwa letu.

Sasa hizo safari mbili zilizoharibika. Ya kwanza alikwishafika kwa mama yake, amelala usiku mmoja, ujenzi ukagoma, tukampigia. Akarudi na begi ambalo hajalifungua. Ya pili hata barabarani hakufika. Ujenzi uligoma tena, tukamtuma mlinzi akamzuie getini, na mlinzi akamzuia kwa kumnyang'anya mwavuli. Mpaka leo hawasalimiani sawasawa. Siku ile alikaa kitini, akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake amemuuliza kwenye simu kama yeye ni yule mkubwa au yule wa katikati. Tuliona haya.

Akaanza kuandika kila kitu kilichokuwa kichwani mwake. Ilimchukua miezi minane. Ndani ya faili moja tulikuta ameandika: “Usifute mstari huu. Sijui unafanya nini. Niliufuta mara mbili, nikajuta mara mbili.” Akaweka na sharti: tuujenge mfumo mzima kwenye mashine tupu, kuanzia sifuri, bila kumuuliza neno.

Jaribio lilifanyika Jumanne iliyopita. Yeye akakaa kantini, simu yake tumempa mpishi ashike. Sisi tukajazana kwenye chumba chake cha chini ya ngazi, feni inanguruma, hakuna anayekohoa. Ujenzi ulichukua saa tatu na dakika arobaini. Na mimi, ninayerithi kiti chake, nakiri mbele ya watumishi wote kwamba ilipobaki sehemu ya mwisho niliomba ikwame. Nilimtaka abaki. Nikamkumbuka yule mama, nikajionea aibu. Haikukwama.

Tulipompelekea habari hakufurahi mara moja. Aliuliza imegoma wapi. Tukamwambia hapana, haikugoma popote. Akavaa miwani, akaisoma taarifa yote toka juu hadi chini, akaivua miwani, akafuta macho kwa kanga ya mpishi, kisha akaomba simu yake.

Alimpigia mama yake palepale, sauti imefunguliwa, akamwambia ujenzi umekamilika. Ndipo tulipogundua kwamba kwa miaka ishirini na sita mama huyo, akisikia ujenzi umeanza, ujenzi umekwama, tunajenga upya, ameamini binti yake anasimamia nyumba. Akauliza ina vyumba vingapi. Mama Tabu akasema elfu kumi na moja. Mama yake akauliza atafagia nani. Kantini nzima ikaninyooshea kidole mimi, na Mama Tabu akamwambia yupo mtu. Basi yule mama akamwita kwa jina lake, lile alilompa yeye mwenyewe, ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui, akamwambia awaachie wenye nyumba funguo zao, aje.

Dada yetu, funguo tumezipokea. Ahsante kwa kila mstari. Tunakutakia siku njema na nyingi huko uendako, wewe na mama, na wahi gari la asubuhi.