Mahari Iliyovutwa na Maksai

MASUNGA: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Paza sauti, niko juu ya kichuguu.

DOMITILA: Nani mwenzako! Namba ya dada yako huijui tena? Umeshakuwa mtu wa magari?

MASUNGA: Aa, dada Domitila. Mwangaluka, mayu.

DOMITILA: Mwangaluka. Mhola?

MASUNGA: Mhola duhu, salama tu. Na wewe, duka—

DOMITILA: Duka lipo, vitenge vipo, wateja hawapo. Salamu zimeisha. Masunga, nimesikia nini?

MASUNGA: Umesikia nini?

DOMITILA: Usinirudishie swali langu. Jana nimekaa zangu dukani hapa Bariadi, naona gari, Krauni nyeupe, linapita pole pole kama bibi harusi. Ndani yumo Kristofa, mshenga wa huyo Dastan anayemtaka Lucy wetu. Ananipungia mkono! Nikamuuliza, hilo linakwenda wapi? Akanijibu, "Shangazi, hii ndiyo mahari."

MASUNGA: Nilikuwa nataka kukupigia—

DOMITILA: Mahari! Nikacheka mpaka mteja wangu mmoja akaondoka. Nikajua Kristofa ananitania. Leo asubuhi naambiwa gari limeshafika kwako Nkoma, wazee wamekaa, wanakunywa chai. Masunga, mwanao anaolewa kwa gari?

MASUNGA: Dada, tusikilizane. Mimi ufunguo sijaushika. Uko juu ya kigoda, mbele ya wazee. Kwenye ukoo wetu kamba ya ng'ombe wa kwanza haishikwi mpaka shangazi wa binti aseme. Tunasubiri neno lako.

DOMITILA: Alaa! Kumbe mnanikumbuka. Basi neno langu hili hapa, na mwambie Kristofa aandike mkononi asisahau: sitaki. Walete ng'ombe.

MASUNGA: Dada—

DOMITILA: Hujasikia? Mimi niliolewa kwa ng'ombe. Mama yetu aliolewa kwa ng'ombe. Hao maksai unaolimia pamba ni vizazi vya ng'ombe zangu mimi. Hilo dude litakuzalia nini? Pikipiki?

MASUNGA: Ni gari zuri, dada. Kubwa. Siti zake ukikaa unazama. Lina ubaridi ndani, na kule nyuma mtu ananyoosha mguu—

DOMITILA: Mfyuu! Unanieleza mimi? Hilo gari mji mzima tunalijua. Alianza nalo mkandarasi, akalichoka. Akalichukua mwenye baa, akawa anabebea kreti za bia kwenye buti. Ukifungua mlango wa nyuma mpaka leo lazima linanuka pombe.

MASUNGA: Linanuka kidogo. Lucy ameweka limau.

DOMITILA: Limau! Sasa nikuulize wewe mtu wa mifugo. Ng'ombe akiuzwa mnada huu, wiki ijayo umkute mnada ule, mwezi ujao mnada mwingine, unamnunua?

MASUNGA: Hapana. Huyo ana kasoro.

DOMITILA: Ahaa!

MASUNGA: Lakini limekaguliwa. Nimemwita Maige.

DOMITILA: Maige yupi?

MASUNGA: Maige... wa Dutwa.

DOMITILA: Maige dalali wa ng'ombe?

MASUNGA: Ana jicho yule.

DOMITILA: (anacheka) Jamani, unanichekesha na mbavu sina! Masunga, umempeleka dalali wa mnadani akague gari? Alilifunua mdomo akatazama meno?

MASUNGA: Alizunguka. Akainama akatazama tumbo. Akalipiga kofi pale nyuma—

DOMITILA: Kofi!

MASUNGA: —akasema, "Lina mwili." Halafu akasema akalione likitembea, maana ng'ombe anayesimama vizuri si lazima atembee vizuri.

DOMITILA: Na likatembea?

MASUNGA: (mkwaruzo wa mtandao) ...toka... pale...

DOMITILA: Haloo? Nimesema, likatembea? Kutoka barabara kubwa mpaka kwako kuna lile korongo la mchanga. Krauni yenyewe tumbo liko chini kama nguruwe mwenye mimba. Ilipita vipi?

MASUNGA: Ilipita.

DOMITILA: Ilipita vipi, Masunga?

MASUNGA: Tulisaidia kidogo.

DOMITILA: Tulisaidia akina nani?

MASUNGA: Maksai.

DOMITILA: (kigoda kinaburutwa)

MASUNGA: Dada? Upo?

DOMITILA: Nipo. Nimekaa chini. Sema tena, taratibu.

MASUNGA: Lilinasa mchangani. Tukaleta nira na minyororo, wakafungwa maksai wanne, wakalivuta mpaka ng'ambo. Ni pale tu! Baada ya pale lilikuja lenyewe.

DOMITILA: Maksai wako. Wa kwako mwenyewe. Wamekwenda mtoni kuvuta mahari ya mwanao, wakaileta mpaka uani kwako.

MASUNGA: Ukisema hivyo—

DOMITILA: Nisemeje vingine? Tangu lini ng'ombe anatoka nyumbani kwenda kupokea mahari? Hao maksai wana adabu sana. Mimi ningekuwa mmoja wao ningelala chini palepale mchangani, mnichape mpaka jua lizame! Wamesema ng'ombe wa maskini hazai. Basi huyu wako hata angekuwa wa tajiri, hazai.

MASUNGA: Majirani nao wamecheka. Sisemi hawajacheka.

DOMITILA: Wataachaje kucheka? Na mvua zikianza? Udongo mweusi wa kwenu huko, hata bodaboda wanabeba pikipiki mgongoni. Litalala hapo uani kuku wakilitagia.

MASUNGA: Mvua bado.

DOMITILA: Na mafuta? Linakunywa kama waliolipanda walivyokuwa wakinywa. Na siku Lucy akipigwa huko akarudi kwenu, mtarudisha nini? Ng'ombe hurudishwa na ndama wake. Nyinyi mtarudisha bampa?

MASUNGA: Usimtabirie mtoto mabaya, dada.

DOMITILA: Simtabirii, nauliza! Huyo Dastan ananunua choroko na dengu mkoa mzima huu. Mifuko haihesabiki ghalani kwake. Anashindwa ng'ombe? Anakutupia gari alilolichoka, kisha anaendesha jipya. Amekuona mjinga wa Nkoma.

MASUNGA: Si yeye aliyesema gari.

DOMITILA: Ila nani?

MASUNGA: (mtandao unakwaruza) Dada, ngoja nigeuke, upepo—

DOMITILA: Hapo hapo! Hata hilo nilitaka kuuliza. Mtandao kwako unashika mpaka jikoni. Kichuguuni umefuata nini?

MASUNGA: Nimesogea tu. Sikutaka kelele pale uani.

DOMITILA: Kelele! Unaona aibu nikikutukana mbele ya Kristofa. Haya, niitie wifi yangu. Milembe anasemaje? Yule ana akili kukuzidi.

MASUNGA: Amelala.

DOMITILA: Saa hizi? Jua la saa nne limewaka hivi?

MASUNGA: Amelala tu.

DOMITILA: Nyonga tena?

MASUNGA: Nyonga ni ile ile. Tangu ile bodaboda ilipomtupa.

DOMITILA: Nilimletea mto wa kukalia. Anautumia?

MASUNGA: Anautumia. Anashukuru.

DOMITILA: Hospitali wanasemaje, yale mazoezi?

MASUNGA: Hajaenda, dada.

DOMITILA: Hajaenda wiki hii?

MASUNGA: Hajaenda tangu masika. Atakwenda na nini? Pikipiki, alipanda mara moja akazimia pale Lagangabilili. Basi la abiria, anatakiwa asimame barabarani, na akikaa analia. Trekta la jirani yetu Joakim lilimpeleka mara moja. Aliporudi hakusema na mtu siku nzima.

DOMITILA: Mbona hamkuniambia?

MASUNGA: Ungetukana.

DOMITILA: Ningetukana, ndiyo. Lakini si mngekodi gari? Chukueni ng'ombe za mahari, uzeni wawili, watatu, mkodi gari la maana kila mkitaka kwenda.

MASUNGA: Nimekodi, dada. Wenye magari wakifika kwenye lile korongo wanageuza, na nauli wameshika. Na ng'ombe za mahari, nikuulize wewe shangazi: zikija, zangu zipi?

DOMITILA: Zako zipi vipi? Zote si zinakuja kwako?

MASUNGA: Zinakuja kwangu kulala. Hebu taja mwenyewe. Kuna yako.

DOMITILA: Hiyo lazima.

MASUNGA: Kuna ya mjomba wake.

DOMITILA: Na ile ya bibi mzaa mama.

MASUNGA: Joakim ananidai ng'ombe wa mahari ya mke wa kijana wangu, aliwatoa zizini kwake. Baba mdogo Yakobo tayari ameshachagua rangi. Wazee waliokaa hapo wamekuja na visu kiunoni. Mpaka jioni nitabaki nimeshika kamba.

DOMITILA: Ndiyo desturi. Mali ya ukoo inagawanywa. Na hilo gari nalo mtagawana vipi? Mjomba mtampa tairi? Mimi mtaniletea usukani niuweke dukani?

MASUNGA: Halitagawanywa, dada.

DOMITILA: Si ndiyo nasema!

MASUNGA: Na mimi ndiyo nasema. Gari haligawanyiki. Ndiyo maana Lucy akalitaka.

DOMITILA: Lucy?

MASUNGA: Dastan alikuwa tayari na ng'ombe. Wapo, wanakula majani kwa baba yake. Lucy ndiye aliyemwambia, "Ukileta ng'ombe, zitapita nyumbani kama wageni. Niletee ile Krauni yako, mama yangu alale nyuma aende hospitali." Dastan mwenyewe aliona aibu. Alisema watu watamsema kanunua mke kwa mtumba. Lucy akasema waache waseme, wakiongozwa na shangazi.

DOMITILA: Alisema hivyo? Waongozwe na mimi?

MASUNGA: Amesimama pale chini ya kichuguu. Anataka kukusalimia ila anaogopa.

DOMITILA: Aogope! Mshenzi mkubwa. Kafanana na nani yule, mbona mama yetu hakuwa na kichwa cha hivyo?

MASUNGA: Watu wanasema wewe.

DOMITILA: Usinipake mafuta. Gari bado ni bovu. Limechoka, limepakwa rangi juu ya kutu, dalali wa ng'ombe kalipiga kofi. Mimi siwezi kukikubali kitu kama hicho kwa kuwa mtoto kalia. Lile ni gari la kwenye lami, la mtu mwenye kitambi. Nkoma linafuata nini? Mwiteni Milembe aseme mwenyewe kama anakitaka hicho kituko.

MASUNGA: Nimekuambia amelala.

DOMITILA: Muamsheni!

MASUNGA: Siwezi.

DOMITILA: Huwezi kumuamsha mke wako?

MASUNGA: Dada, Milembe halali. Hujui. Usiku anageuka, anaketi, ananiamsha nimgeuze tena. Mchana anasinzia ameegemea ukuta, akishtuka anapiga kelele. Tangu masika hatujalala nyumba hii. Leo asubuhi Kristofa alifungua mlango wa nyuma, akalaza kile kiti cha mbele. Lucy na mimi tukamwingiza Milembe ajaribu tu, aseme kama panamfaa. Akanyoosha mguu. Akasema, "Aa." Hivyo tu. Nilipozunguka upande wa pili nimuulize, nikamkuta amelala mdomo wazi. Anakoroma, dada. Wazee wamenyamaza, mpaka Yakobo kazima redio. Ndiyo maana nimekuja huku kichuguuni.

DOMITILA: (honi ya lori; mtandao unakwaruza)

MASUNGA: Haloo? Umekata?

DOMITILA: Sijakata. Vumbi limeniingia machoni, hapa barabarani kuna malori ya pamba.

MASUNGA: Pole.

DOMITILA: Madirisha mmefungua? Asije akapikwa humo.

MASUNGA: Yote manne. Na Lucy ametandika kitenge juu ya kioo cha mbele, kile chako cha bluu.

DOMITILA: Kile kizuri? Kwenye kioo cha gari? (anapumua) Haya. Masunga.

MASUNGA: Naam.

DOMITILA: Sikia vizuri, vocha yangu inaisha. Lile ni gari baya. Siku likifa usije kwangu kulia, nitakucheka mbele za watu.

MASUNGA: Sawa, dada.

DOMITILA: Kwenye harusi nitasema nilikataa.

MASUNGA: Sema.

DOMITILA: Na leo hii mpitishe Milembe hapa dukani kabla ya hospitali. Nitakwenda naye. Nitakaa mbele, na sitaki mtu anisifie hiyo siti.

MASUNGA: Kwa hiyo ufunguo... niushike?

DOMITILA: Ushike. Lakini usiliwashe! Likinguruma litamwamsha. Mngoje mpaka aamke mwenyewe, hata ikiwa jioni. Daktari asipokuwepo atalala kwangu.

MASUNGA: Asante, mayu. Asante sana—

DOMITILA: Usinishukuru, unanimalizia vocha! Na lile korongo mtalipita vipi mkija? Hao maksai mmeshawafungu—

MASUNGA: Haloo? Dada? Haloo? Imekata. Lucy! Njoo, mwanangu. Taratibu, usikimbie. Mwambie Kristofa shangazi yako amekubali, umwambie kwa ishara ili asipige kelele. Halafu nenda karudishe ile nira shingoni kwa maksai, korongo linatungoja.