Shati Tulilolifua kwa Makosa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Tamasha la Kimataifa la Filamu. Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Binti yetu mwongozaji wa filamu. Ndugu zetu nyote:

Sisi wafanyakazi wa chumba cha kufulia tunakukaribisha kwa furaha isiyofichika. Hujakosea njia. Wageni wa hospitali hupanda ngazi. Wewe ni wa kwanza kuzishuka kuja huku chini. Karibu sana, na pole kwa joto.

TULIVYOANZA

Tuko kumi na wawili, na mashine nne, moja inafanya kazi kwa kubembelezwa. Miaka miwili iliyopita binti huyu alikuja na kamera, anatengeneza filamu ya mjane anayetunza shati la mumewe lenye damu. Siku moja akalisahau shati mezani. Asubuhi kiongozi wetu, Mama Pasi, akaliona. Mgeni rasmi, sisi tukiona damu hatuulizi ni ya nani. Akaloweka, akafua, akapiga pasi, akatundika.

Mwongozaji alipofika alipiga yowe: "Mama! Damu ile nimeitengeneza siku tatu!"

"Na mimi nimeitoa kwa dakika kumi, mwanangu. Si ungesema?"

Binti akalia, akacheka, kisha akabadilisha hadithi: mjane anakuta shati limefuliwa, na mikono ya Mama Pasi inalinyoosha. Tunaambiwa hapo ndipo majaji wenu walipotoa leso, kisha wakaipa filamu tuzo.

TULICHOPATA

Wapo wanaosema matamasha yamepitwa na wakati, eti kila mtu ana sinema kwenye simu. Waje huku! Glavu tuliziomba kwa barua miaka sita. Tuzo imezileta kwa wiki mbili. Madaktari wanatusalimia. Muuza matunda wa getini anamwita Mama Pasi "staa", naye anajifanya kachukia. Uongo mtupu, anapita pale mara tatu kwa siku.

KINACHOTUUMA

Tamasha lenu limeionyesha filamu nchi kumi na moja, sisi hatujaiona. Binti anayo kwenye begi, ila kanuni za tamasha zinamkataza kuionyesha kwingine mpaka miezi minne ipite. Kanuni tunaziheshimu. Lakini Mama Pasi anastaafu leo, baada ya miaka thelathini na moja. Saa kumi anakabidhi funguo, kesho anahamia kwa bintiye wa kumzaa, safari ya siku mbili. Kweli aondoke hajaiona?

OMBI LETU

Ni moja tu: ruhusa yako. Pazia jeupe ulilolisifu ulipoingia si pambo. Ni mashuka mawili ya wodini, tumeyashona pamoja. Mama Pasi ameyapiga pasi mwenyewe, na mpaka dakika hii alidhani ni ya ukaguzi. Mama, utusamehe. Projekta tumeazima chuo cha wauguzi. Madirisha tumeyaziba. Mashine zote nne tumezizima, jambo ambalo Mganga Mkuu analisikia sasa hivi. Naye tunamwomba radhi.

Mungu akupe afya na macho ya kuona kazi za watu wasioonekana. Sema ndiyo, mgeni wetu, kisha ugeuze kiti utazame pazia.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Kufulia, pamoja na Mama Pasi, mpaka saa kumi.