Picha ya Mtoto Aliyelala

Fundi wa nguo hakupanda basi ili asikilize ya watu, lakini masikio hayana mlango. Kiti cha mbele yake, mama kijana aliyempakata mtoto mchanga alikuwa akikagua picha za viza. Aliyeketi kando ya mama huyo, mzee aliyestaafu ubaharia, akachungulia.

"Binti yangu, hii watakurudishia. Mtoto kafumba macho."

"Kalala, baba. Watoto hulala."

"Huko uendako wanataka macho yote mawili, wazi."

"Wa dada yangu alipigwa picha akikoroma, na viza akapata."

"Ya nchi hiyohiyo?"

"Ya kule alikoolewa dada."

"Sasa wewe unakwenda kwa mumeo au kwa shemeji yako?"

Fundi aliuma midomo asicheke. Mama hakutikisika. Miadi ni leo, alisema, ikipita ni miezi mitatu tena, na baba mtu hajamtia mwanawe machoni tangu azaliwe.

Mzee akalainika. "Basi mwamshe. Nje ya ubalozi yupo mpiga picha." Akamtekenya mtoto nyayo. Fundi naye, ambaye hapakuwa na lake hapo, akapiga makofi. Wapi! Mtoto alipiga mwayo, akaendelea na shughuli yake.

Basi likasimama mbele ya ubalozi. Mama akazirudisha picha kwenye bahasha, akamlaza mtoto begani, akashuka kichwa juu.

"Usiku kucha alikuwa macho, baba," alisema. "Anayeyataka macho yake sasa amwamshe mwenyewe, kisha ambembeleze mwenyewe."