Mshono wa Mke wa Sindano

Asubuhi ile Sindano, fundi cherehani wetu, alikuja kwenye benchi langu la kahawa macho mekundu kama pilipili. Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji, siku ya nne sasa, na tangu arudi nyumbani kugeuka tu kitandani ilikuwa kilio. Nikammiminia kahawa, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Hakuigusa.

— Wewe mshonaji mzima unaogopa mshono? Spana, fundi magari, akamtania.

— Nashona nguo, Spana. Nguo hailii.

— Basi sikiliza. Injini ikifunguliwa haisogezwi. Alale chali siku arobaini!

— Wapi! Kinyozi akadakia. Hiyo ni hewa, iliingia walipompasua. Mfunge shuka tumboni, mkaze mpaka itoke. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini.

— Methali hiyo hapo inaingiaje? nikamuuliza.

— Inaingia tu. Tena asicheke mwezi mzima, nyuzi zitafumuka!

Sindano akajifuta uso kwa kiganja.

Ndipo akatokea mkunga wa zahanati, amekuja kuchukua sare yake. Alisimama, akatusikiliza, kisha akauliza:

— Shemeji, mkeo dawa ya maumivu mara ya mwisho kameza saa ngapi?

Spana akatazama viatu vyake.

— Anazibania, dada, Sindano akasema. Anaogopa zitamdhuru mtoto kwenye maziwa. Hamezi mpaka azidiwe.

— Hospitali walimwandikia wakijua ananyonyesha. Ameze kwa saa zake, asingoje kuzidiwa. Akikohoa, akandamize mto kwenye mshono. Akitaka kuamka, ageukie ubavu kwanza, nawe umshike. Mtoto ampakate ubavuni, chini ya kwapa, asimpige mateke kidondani. Na atembee kidogo kidogo. Ukiona homa, au mshono unatoa majimaji, mrudishe hospitali papo hapo.

Sindano hakuaga. Aliondoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Kesho yake akaja amenyoa ndevu.

— Vipi mama mtoto? tukamuuliza kwa pamoja.

— Jana jioni nilimshika, akakaa. Leo kasimama mwenyewe, kaenda mpaka mlangoni. Akanigombeza, eti nimeanika nepi kama mtu asiye na macho.

— Kakugombeza?

— Sana!

Akacheka, machozi yakamtoka. Kinyozi akamsogezea nafasi kwenye benchi.