Kanzu Iliyopima Mwanga wa Maporomoko

Baada ya miaka thelathini na moja katika televisheni yetu hapa Kisangani, Papa Lukumani Mohamadi, mkuu wa wapiga picha, anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Alianza na kamera ya begani iliyomwachia bega moja chini kuliko jingine, na anamaliza na droni nyepesi kuliko kuku.

Droni ilipofika, wengi wetu tulitaka kuiacha ijichagulie mwanga yenyewe. Papa alikataa katakata. Ikiachiwa, huona povu jeupe la maporomoko ya Wagenia ikashtuka, ikatia giza picha nzima, na nyuso za wavuvi zikageuka masizi. Akatupangia utaratibu: picha ishirini na tano kwa sekunde, kila moja ipigwe kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde ili maji yatiririke kwa ulaini, kisha jua linalozidi lipunguzwe kwa kioo cheusi kinachovishwa lenzi. Vioo hivyo, vyepesi kwa vizito, aliviita miwani ya droni.

Swali likawa, leo ivae miwani ipi? Hapo ndipo kanzu ilipoingia kazini. Papa alisimama kwenye pembe ya kushoto ya picha na kanzu yake nyeupe, naye Ursule, rubani wetu, akaitazama kwenye skrini. Mikunjo ya kanzu ikionekana, mwanga uko sawa. Mikunjo ikifutika, droni inashushwa kuvishwa miwani mizito zaidi. Na kwa kuwa mawingu ya mji huu hayana msimamo, Papa hakuthubutu kuondoka mpaka droni itue.

Matokeo yake, yumo katika kila filamu tuliyopiga kutoka juu. Mashindano ya mitumbwi, yumo. Jubilei ya parokia, yumo, kanzu na yote. Watazamaji wa Yahuma walikata shauri kwamba mtu anayehudhuria kila kitu bila kufanya chochote lazima awe waziri. Tulipokwenda huko walimweleza ubovu wa barabara asubuhi nzima, naye akawasikiliza wote bila kusogea, maana droni ilikuwa hewani. Barumbu nako, wavuvi walikataa kushusha mtumbwi mpya majini kabla hajasimama mahali pake.

Mara moja tu aliketi. Ilikuwa Simi-Simi, kwenye harusi ya binti yake Rachida, na pilau ndiyo iliyomponza. Wingu lilipita, jua likarudi kwa nguvu, na Ursule alikuwa bado anatazama pembe ileile aliyoizoea, ambayo sasa ilikuwa na mbuzi tu. Mimi Basile ndiye niliyehariri filamu ile. Bibi harusi alifutika kabisa, na bwana harusi alibaki masharubu yanayotembea.

Tangu siku hiyo Papa hajaketi tena katika sherehe yoyote, na mkewe, Mama Mwanahamisi, amekula karamu zote za mji huu kando ya kiti kitupu. Jambo hilo linamuuma, na sisi tunaompenda linatuuma pia. Wiki iliyopita alikuja ofisini, akakataa hata chai, akatuambia: "Ile siku ya kumuaga, kama hataikala, mimi sitakuya. Niliolewa na mutu, haiko poteau." Yaani, hakuolewa na nguzo.

Amekuja. Kiti chake kiko mstari wa mbele, na cha Papa kiko kando yake. Ila droni lazima iruke, kwa sababu Papa hatakubali kuagwa bila filamu, na hivi sasa ameshaanza kuitupia macho ile pembe ya kushoto.

Papa Lukumani, asante kwa kazi yote na kwa vicheko vyote. Tunakutakia siku nyingi za kuketi, na sahani ambayo bado ni ya moto.

Nanyi wageni wetu, mtaona kwamba ukurasa wa nyuma wa programu hii ya sherehe mliyoshika hauna kitu. Tumeuacha mweupe makusudi. Ursule akirusha droni, zikunjeni kidogo karatasi zenu kama kanzu, muinue upande mweupe juu, mzishike hivyohivyo mpaka itue. Papa anakula.