Kichupa cha Nanaa cha Dada Milcah

Wachungaji, wazee wetu, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni Chrispine, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu, Milcah Kadzo Ngala.

Milcah alizaliwa Kisauni tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa marehemu Mzee Ngala na mama yetu Pascalia, akasoma huko huko hadi kumaliza kidato cha nne mwaka 1997, kisha mwaka 2000 akaajiriwa kushona katika kiwanda cha nguo Changamwe, ambako alipanda hadi kuwa msimamizi. Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa na shemeji yetu Lenox, wakajaliwa watoto wawili, Emmaculate na Phineas.

Mwezi Aprili 2023 aligundua uvimbe kwenye titi, na tarehe 12 Juni akaanza kemo, zile dawa za kansa zinazopitia mshipani. Kichefuchefu kilimtesa kuliko uvimbe wenyewe, ikafika mahali harufu ya korido ya hospitali peke yake ilimtapisha, nasi tukaishi kwa hofu kwamba ataacha matibabu njiani. Muuguzi mmoja alimshauri, pamoja na vidonge vyake, awe akinusa mafuta ya nanaa kwenye pamba, na jirani yake, Bi Mwanatabu, akamletea kichupa. Kikamtuliza.

Hapa niseme langu, kwa idhini ya Lenox. Niliwahi kuona mtu akiacha hospitali kwa ajili ya mafuta na mizizi, akafa, kwa hiyo asubuhi ya kemo ya nne, tarehe 14 Agosti, nilikitoa kichupa mkobani mwake nikakificha. Tulipofika mlangoni pa wodi alikitafuta, akakikosa, akatapika mbele za watu, akageuka kurudi nyumbani. Siku tisa alikataa kwenda.

Siku ya tisa nilimrudishia, nikamweleza ukweli.

"Chrispine, ulidhani nanaa ndiyo nitakayoitegemea nipone?"

"Ndiyo, dada. Niliogopa."

"Haiponyi. Inanifikisha kwenye kile kiti tu. Haya, twende."

Tukaenda siku hiyo hiyo, na tarehe 4 Oktoba akamaliza kemo zote sita. Tulipata mwaka mmoja na miezi minne ya afueni, hadi Februari 2025 ugonjwa uliporudi kwenye ini, na tarehe 3 Julai, saa nne asubuhi, akatutoka, Lenox akiwa amemshika mkono. Daktari ameniambia mara tatu kwamba zile siku tisa sizo zilizomwua, nami bado namwuliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bi Mwanatabu na majirani wote, na wafanyakazi wenzake waliomfanyia zamu zake bila kuombwa.

Dada, watoto tunao. Pumzika kwa amani.