Pumzi Haikuwa ya Baba Beseni

Mgeni rasmi, Daktari, kikohozi ulichokisikia kabla hujaingia langoni hakikuwa cha kukukaribisha. Ni cha Baba Beseni, mzee wetu, aliyekuwa nyuma ya rafu ya mabomba kwa sababu tulimwambia ajifiche. Sasa tumemtoa. Karibu, umwone.

HISTORIA
Kwa miaka kumi na tisa Baba Beseni ametumbukiza mabomba na usukani wa baiskeli katika beseni la kromu, dawa ya kung'arishia chuma, pale penye dirisha lisilofunguka. Ukungu wa manjano humpanda usoni. Pua yake imetoboka ndani, hulia akipumua, nasi tukamtania: "Baba, filimbi hiyo utaipiga harusi gani?" Akacheka, akafuta damu kwa mkono wa shati.

MAFANIKIO
Mwaka jana ulituletea mashine ya kupima pumzi, ukatuonya kwamba ukungu huu huharibu mapafu na unaweza kuleta saratani. Tuliogopa karakana isije ikafungwa. Tukamtuma mmoja wetu, Tarumbeta, apulize kwa majina ya wagonjwa wetu wanne, Baba Beseni akiwamo, kila mara na kofia nyingine. Ukatupa vyeti, ukasema, "Hongereni, mna vifua kama mivukuto!" Tukapiga makofi. Leo umetuletea kikombe cha karakana yenye afya bora.

CHANGAMOTO
Changamoto ni sisi wenyewe. Tarumbeta ndiye anayekusomea risala hii. Alijivunia kifua chake kuliko kitu chochote. Juzi alimkuta Baba Beseni ameketi kwenye ngazi ya tatu akihema, zimebaki tatu.
"Baba, twende hospitali."
"Niende na ugonjwa gani, mwanangu? Cheti changu kinasema mimi mzima."
Kijana akarudi kwetu, akasema tukuambie ukweli.

MAOMBI
Tunaomba uondoke na kikombe chako. Tunaomba utupime upya, kila mtu kwa mdomo wake, na Baba Beseni apelekwe hospitali kuu leo hii. Ikibidi karakana ifungwe mpaka ukungu upatiwe njia ya kutokea, funga. Hatutakuja kulia mlangoni pako.

Mungu akupe afya, na atusitiri sisi tuliojivua nguo mbele yako.

Nawe Baba Beseni, inua uso. Sisi wafanyakazi wa Karakana ya Kromu tunakuahidi, mgeni akisikia: hakuna atakayepuliza tena kwa jina lako. Tarumbeta atakushika mkono, utapuliza mwenyewe, hata kama mshale wa mashine hautasogea.